Kalenda Yetu Isiseme Uongo

Bila shaka umekwisha kuiona kalenda ya Chama chetu cha Kiswahili, ile tuliyoitengeneza wenyewe kwa picha za Mji wa Kale. Wengi waliisifu. Mimi nilikuwa mmoja wa wapigaji picha, nami naandika kuipinga.

Picha zote 12 tulizipiga kwa siku tatu za likizo ya Agosti. Tulipanga vizuri nani apige, wapi na saa ngapi: Ngome ya Yesu, Msikiti wa Mandhry, milango ya nakshi ya Ndia Kuu, Bandari ya Kale. Mwezi hatukuufikiria kabisa. Tuliporudi tukazigawa picha kama mtu agawaye karata: hii Machi, hii Juni, hii iliyo nzuri zaidi iwe Januari.

Hiyo ya Januari ndiyo iliyotuumbua. Ni jahazi pale Bandari ya Kale, bendera imenyooka kwa upepo. Nilimpelekea babu yangu nakala, maana amevua samaki miaka mingi. Akavaa miwani, akaitazama, akacheka.

"Mjukuu wangu, hii si Januari. Kusi hii."

"Wajuaje, babu?"

"Tazama bendera, yaipa Ngome mgongo. Januari ni kaskazi, ingeelekea huko huko Ngomeni."

Wenzangu wasema nakuza jambo dogo. Nani atatazama bendera? Jamani, mji huu uliishi kwa pepo! Kaskazi, uvumao Desemba hadi Machi hivi, ndio ulioleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, uanzao Aprili, ndio ulioyarudisha makwao. Hata Wareno walipoanza kuijenga Ngome mwaka 1593 waliiweka pale mlangoni mwa bandari, wavione vyombo vikiingia. Basi kalenda ya watoto wa Mombasa ikionyesha kusi mwezi Januari, ina tofauti gani na zile kadi za posta wauziwazo watalii?

Tena tuliacha hesabu nyingine ya kwetu. Nyumbani miezi twaihesabu pia kwa mfunguo: Ramadhani ikiisha ni Mfunguo Mosi, na Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Miezi hiyo hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka, lakini ingetosha kuiandika kwa herufi ndogo chini ya tarehe. Nafasi ilikuwapo.

Kosa la Juni ni langu peke yangu. Yule mama auzaye viazi vya karai nilimpiga picha kwa mbali bila kumwuliza. Alipoiona kalenda ukutani dukani aliniita. Nilidhani atanitukana, wallahi. Akasema tu, "Ungalisema, ningalijitanda." Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikipita pale hununua viazi hata kama sina njaa.

Rai yangu ni hii. Kalenda ijayo kila mwezi upigwe picha katika mwezi wake, na kila mtu atakayeonekana uso aombwe ruhusa kwanza. Najua maana yake: kazi itachukua mwaka mzima, kwa hiyo mwakani hatutakuwa na kalenda ya kuuza, na zile kamusi tulizotaka kuzinunua kwa fedha hizo zitangoja. Mweka hazina amenikasirikia, na ana haki. Lakini kuuza tena ile ile kwa kubadilisha tarehe, kama wengine walivyopendekeza, mimi simo.

Nimekwisha kujiandikisha Januari. Mama wa viazi amekubali Juni, kwa sharti nimpe habari mapema avae leso mpya. Aprili, mwezi wa mvua, bado haina mtu.