Nani kaamua?

Wiki hii niko Katoro, huku Geita, nafuatilia stori ya wachimbaji wadogo. Juzi nilikuwa nachaji simu kwenye kibanda kimoja cha kuwekea nyimbo na muvi. Akaingia dogo wa sare ya shule, akatoa memori kadi: "Bro, niwekee za wakubwa." Akawekewa, akalipa, akasepa. Hakuna aliyeuliza umri.

Nikakumbuka Kasheshe. Mwaka 1998, wengi wetu tukiwa wachanga au hatujazaliwa, serikali ililifungia gazeti hilo pamoja na Chombeza na Arusha Leo, hoja ikiwa maadili. Sheria ya Magazeti ya 1976, kifungu cha 25, ilimpa waziri rungu: akiona tu maslahi ya umma yanataka hivyo, anafungia. Hakimu hakuhitajika. Na kwa kweli, nani angejitokeza kutetea katuni za ngono?

Rungu halikurudishwa kabatini. Mwaka 2008 lilimshukia MwanaHalisi kwa miezi 3, na 2012 bila kikomo. Mwaka 2013 zamu ikawa ya Mwananchi na Mtanzania. Hao walikuwa wanaandika siasa, si ngono! Sheria ile ilifutwa 2016, ila mazoea yalibaki: 2020 Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni na ofisa wa serikali, likarudishiwa 2022.

Ulaya nako walikamatana mashati kuhusu ngono, lakini hadharani. Uingereza, mwaka 1960, ilitaka kampuni ya Penguin itiwe hatiani kwa riwaya ya Lady Chatterley's Lover. Ilibidi kwanza iwashawishi raia 12 mahakamani. Ikashindwa. Denmark iliruhusu maandishi ya ngono 1967 na picha 1969, kwa kura za bunge.

Sisemi tuige walichoruhusu. Natamani namna walivyoamua.

Maana ukali tunao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtishia msambazaji wa ponografia faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7. Lakini yule dogo wa Katoro kahudumiwa mchana kweupe. Miaka yote hii rungu limewaumiza waandishi, mtoto hajalindwa.

Siku nyingine tukisikia gazeti "chafu" limefungiwa, kabla ya kupiga makofi tuulize: nani kaamua, na alisikilizwa nani?

Nawasilisha.