Saa mbili za angani zisituhadae

Hapa Zone Industrielle, Bujumbura, katikati ya maghala ninakofanyia biashara yangu, haipiti wiki bila mtu kuniuliza: kwenda Dar es Salaam kwa ndege ni saa ngapi? Wauza tiketi humjibu haraka, saa mbili. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayomgharimu mchuuzi.

Hebu tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Kwa mstari ulionyooka, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,160 hivi. Ndege iendayo moja kwa moja huzimaliza kwa muda huo wa saa mbili. Lakini panda inayopitia Nairobi, zinakuwa kilomita 1,500 na ushei, ambao ni karibu mwendo wa lori linalopita Kobero. Pitia Addis Ababa, utaruka karibu kilomita 3,500, yaani mara tatu, tena umepelekwa kaskazini ili urudishwe kusini! Hapo sijataja kusinzia uwanjani ukingoja ndege ya pili.

Halafu kuna saa yenyewe. Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Ukiondoka Bujumbura saa sita mchana, unatua Dar es Salaam saa tisa, si saa nane. Ukitoka uwanjani, ukapambana na foleni ya barabarani, benki imefunga na wakala wako wa forodha ameshakwenda nyumbani. Siku nzima imekwenda, na kulala gesti ni gharama yako. Unaporudi mambo yanageuka: unaondoka saa nne asubuhi, unafika saa tano. Wapo wanaoapa kwamba ndege ya kurudi ina mbio zaidi.

Ndugu zetu waliorejea kutoka Nduta na Nyarugusu hili halihitaji kuelezwa. Walipovuka Kabanga kuja Kobero walirudisha saa nyuma. Kinachowasumbua wao ni tiketi iliyoandikwa Kifaransa, 15h00, ambayo kwa Kiswahili, na kwa Kirundi pia, ni saa tisa. Nimeshuhudia mama mmoja akibishana na mwanawe juu ya hilo mpaka nikaingilia kati.

Kwa maoni yangu, ofisi inayouza tiketi mjini humu haina udhuru. Wateja wake wengi ni watu wa Buyenzi na wa mipakani, wanaosoma Kiswahili. Iandike pembeni ya tiketi, hata kwa kalamu: ndege inapitia wapi, unafika saa ngapi kwa saa ya huko, na tangu mlango wa uwanja huu hadi mlango wa uwanja ule ni saa ngapi kamili. Mistari mitatu tu. Na wewe mwenye fedha mkononi, usizitoe kabla haijaandikwa.