Mambo ya Nyumbani: Ukuta wa Mawe Usivikwe Saruji

Ninyi mkaao katika nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa, safari hii nataka kunena juu ya kuta zenu. Mwenye nyumba auonapo ukuta wake unabambuka na kutoa unga mweupe, husema, “Umechakaa, na tuupige saruji upate nguvu.” Basi hapo ndipo uharibifu uanzapo.

Jiwe la kuta hizo ni la matumbawe, lenye vitundu vingi, nalo liliungwa kwa chokaa na udongo. Mvua ikinyesha hunywa maji, na jua likiwaka huyatoa tena kama jasho, yakipita katika chokaa. Lakini saruji ni ngumu, wala haipitishi unyevu upesi. Maji huingia kwa nyufa zake na kupanda kutoka ardhini, yasipate pa kutokea. Ndipo udongo ulio kati ya mawe hulainika, ncha za boriti zilizo ukutani huoza, na chumvi hukusanyika nyuma ya saruji hata ikaisukuma. Nayo ikianguka huondoka na uso wa jiwe. Kwa nje ukuta ni mzuri, ndani umekuwa uji!

Kuta za namna hii zikidhoofika si jambo la kuchezea. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka ilipokuwa ikitengenezwa, na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba saruji ndiyo iliyoliangusha. Nasema uzito wa mawe ni uleule.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mwashi, tafuteni kwanza maji yatokako: bati lililotoboka, mlizamu ulioziba, bomba livujalo. Mche wa mtini ukiota ukutani, ukatwe ungali mdogo, maana mizizi yake hupasua mawe. Ule unga mweupe ni chumvi. Upanguseni kwa brashi kavu, wala msiuoshe, kwa kuwa maji huirudisha ndani.

Kisha lipu iliyolegea iondolewe, na mpya iwe ya chokaa iliyozimwa vema, pamoja na mchanga usio na chumvi. Mchanga wa pwani haufai. Chokaa ipigwe nyembamba nyembamba, na kila tabaka lifunikwe kwa magunia yenye maji, maana hushikamana polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, ikarudi kuwa kama jiwe. Ikikaushwa na jua kwa haraka hupasuka. Mafundi wengine hawapendi kungoja hivyo; mwenye nyumba na awasimamie. Watoto wasikaribie chokaa inapozimwa, maana huchemka, na ikiruka machoni yaweza kupofusha.

Na ninyi akina mama, msisugue baraza wala sakafu ya mawe hayo kwa limau, siki, au dawa kali za kusafishia choo. Tieni tone moja la limau mahali pasipoonekana, nanyi mtaona povu: ndilo jiwe lenyewe linaloyeyuka. Maji kidogo na sabuni isiyo kali yatosha, kisha pakaushwe kwa kitambaa.