Mzinga wa Msituni Una Mwenyewe

Iko hoja moja isikikayo katika vinywa vya wazee na vijana sawasawa, nayo hutolewa kwa utulivu kama kwamba ni sheria iliyokwisha kuandikwa: ati mtu aliyeacha chombo chake msituni amekitupa, na mwenye kukichukua hakuiba, ameokota. Msomaji, nakuomba tuipime hoja hii mimi na wewe. Imekula jasho la watu wengi wanyonge. Na yamkini wewe, ambaye hujapata kuiba hata kalamu ya mwenzako darasani, umeisikia ikisemwa ukaitikia kwa kichwa.

Zamani vyombo vilivyolala msituni vilikuwa vya namna nyingi: pinde, mishale, mitego, mizinga ya nyuki. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tangu hapo mtu aibiwaye mtego wa kunasia paa hana baraza la kupelekea malalamiko yake, maana yeye mwenyewe ni mtuhumiwa. Huyo simtetei. Lakini mzinga umebaki, nao umebaki kwa haki. Nenda Kitui, nenda Baringo, nenda Pokoti Magharibi au misitu ya Mau, utayaona magogo yaliyochongwa yakawa matupu ndani, yametundikwa juu ya migunga na miti mirefu, na chini yake hakuna mlinzi, hakuna ua, hakuna mbwa. Hiyo ndiyo mali ninayoisema.

Wenye hoja huuliza: kama mtu anaipenda mali yake, kwa nini asiiweke nyumbani? Swali hili ni la mtu asiyejua nyuki. Nyuki wetu wa Afrika ni mkali. Akichokozwa huua kuku bandani na mbuzi aliyefungwa kambani, na hata binadamu hufa kwa miiba yake. Mwenye busara hamweki karibu na watoto wala kando ya njia ya shule. Tena nyuki halishwi kwa majani ya kukatiwa kama ng'ombe wa zizini. Yeye hufuata ua na maji, na ua halimfuati mtu. Ukambani migunga huchanua kwa kufuata mvua, na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Mzinga hauna budi kuwapo miti ilipo, ukingoja. Waogiek wa Mau walilijua jambo hili zamani sana kuliko vitabu vyetu. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu iliyopanda kutoka mabondeni hadi vileleni, kwa sababu miti ya chini na miti ya juu haichanui wakati mmoja, na mrina asali alipanda na kushuka pamoja na maua. Mtu wa namna hiyo atailinda mizinga yote kwa macho gani? Kuwa msituni kwa mzinga si uzembe wa mwenyewe. Ndiyo kazi yenyewe. Kumwambia mrina asali aulete mzinga uani ni sawasawa na kumwambia mvuvi wa Lamu azamishe dema lake kisimani.

Wengine, wakishindwa hapo, hurukia tawi jingine: msitu ni wa Serikali, kwa hiyo kilichomo ni cha wote. Hawa nao wasome. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaitaja kazi ya kurina asali miongoni mwa haki ambazo chama cha jamii ya msituni chaweza kupewa kwa mapatano. Mti ni wa umma, ndiyo. Lakini mzinga ulio juu yake una mwenyewe, kama vile barabara ilivyo ya umma na baiskeli ipitayo juu yake ikawa na mwenyewe. Sijapata kumsikia mtu akidai baiskeli ya jirani yake kwa sababu aliikuta barabarani.

Sasa tuijie Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kwa kuwa watu hupenda kutaja sheria wasiyoifungua. Kifungu cha 268 husema kwamba kuiba ni kuchukua kwa hila, bila dai la haki, kitu kiwezacho kuibwa. Na juu ya kitu kilichopotea, sheria hiyo ina huruma: aliyekiokota hahesabiwi kuwa na hila ikiwa hamjui mwenyewe, na anaamini kwa sababu za maana kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Huruma hii ndiyo wezi wa msituni wanayotaka kujificha ndani yake. Haiwatoshi. Gogo lililochongwa, likazibwa kwa kifuniko, likatundikwa kwa kamba juu ya tawi, halikupotea. Gogo halipandi mti kwa miguu yake. Aliyelipandisha yupo, na katika vijiji vingi hata mtoto wa darasa la tatu aweza kukuonyesha nyumba yake.

Wazee wetu hawakumwachia mtu hata nafasi ya kusingizia kutojua. Wakamba walikuwa na alama za koo, nao walizitia juu ya ng'ombe, juu ya mishale, na juu ya mizinga. Mwenye kukuta mzinga porini alisoma alama ile kama wewe usomavyo jina juu ya daftari. Najua baadhi ya vijana huwacheka watu wa zamani kwa kuwa hawakujua kuandika. Kwa maoni yangu, watu walioweza kuandika umiliki juu ya mti ulio mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani, na maandishi yakaheshimiwa, walijua kuandika vya kutosha.

Nitakueleza mwizi wa asali afanyavyo kazi, ili usije ukadhani kwamba anachukua chupa mbili tatu tu za utamu na kwenda zake. Mrina mwenyewe huja jioni au usiku na moshi wa polepole. Huwatuliza nyuki, hukata masega yaliyofunikwa kwa nta, yaani asali iliyoiva, na huyaacha yenye majana, pamoja na akiba, ili kundi lisihame. Mwizi hana saa ya kufanya hayo. Yeye huja na mwenge unaowaka, huutia mdomoni mwa mzinga, huwachoma nyuki, na hukomba vyote: asali mbivu na mbichi, majana, nta, na majivu. Wakati mwingine huukata mzinga kamba ukaanguka na kupasuka. Nyuki mfanyakazi, wakati wa kazi nyingi, huishi kama majuma sita tu. Kundi lililopoteza majana yake halina vijana wa kushika mahali pa wazee, hivyo hufa au huhama. Mwenye mzinga amepoteza asali ya msimu huu na ya msimu ujao. Na ule mwenge ukitupwa katika nyasi kavu, msitu nao huingia katika hesabu. Kuna watu wanaosema huu ni wizi mdogo. Ningependa kujua wanatumia mizani gani.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Mwenye mizinga hamruhusu mchoma makaa kuukata mgunga wake. Huutunza mti kwa ajili ya ua. Akiibiwa mara ya kwanza huchonga mzinga mwingine. Akiibiwa mara ya tatu hushusha iliyobaki, huitumia kuni, na hana sababu tena ya kumzuia mwenye shoka. Hivyo mwizi wa mzinga huuondolea msitu askari asiyelipwa mshahara.

Je, tufanyeje? Dawa zitajwazo ni nyingi, na baadhi yake ni mbaya kuliko ugonjwa. Juu ya fingo na hirizi zinazofungwa mtini sitasema mengi: humtisha anayeamini, na mwizi wa siku hizi ameacha kuamini. Lakini juu ya dawa ya pili yanipasa kusema, maana nimeisikia ikitolewa na wanafunzi wangu wa ualimu, ambao kesho watasimama mbele yenu: mwizi akishikwa apigwe hata afe, awe mfano. Hutaja hata king'ole ya Wakamba wa zamani, iliyomwua mwizi sugu. Nawajibu kwamba king'ole haikuwa kelele za sokoni. Wazee walikaa, walishauriana, na jamaa za mtuhumiwa mwenyewe walitakiwa wakubali. Hata hivyo siitaki irudi, maana sasa tuna mahakama, na aliyeuawa hawezi kurudishwa ikiwa walikosea. Kundi la watu lenye mawe na mipira ya magari halimwulizi mtu jina lake. Tena tazama ni nani anayeshikwa. Mara nyingi ni kijana mwenye njaa aliyepanda mti. Aliyemtuma, aliyemwahidi shilingi, aliye na madebe nyuma ya duka, hukaa mahali pake salama. Pengine yumo katika kundi, naye ameshika jiwe.

Huyo ndiye ninayemtafuta katika makala haya. Na sheria nayo inamtafuta zaidi kuliko watu wadhanivyo. Adhabu ya kawaida ya wizi, kwa kifungu cha 275, ni kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini apokeaye mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kwa kifungu cha 322 aweza kufungwa hata miaka 14. Waliotunga sheria waliona kwamba mwizi bila mnunuzi ni mtu aliyebeba mzigo asiokuwa na pa kuutua. (Sheria ina mambo yake ya ajabu vilevile. Kifungu cha 278 humpa mwizi wa mifugo kifungo cha hata miaka 14, na katika orodha ya mifugo hiyo yumo mbuni, lakini nyuki hayumo. Wabunge wetu wakipata nafasi, na walitazame hilo.)

Mnunuzi hujitetea kwa kusema: mimi naona asali tu, asali haina alama. Si kweli. Asali iliyorinwa kwa haraka huonekana. Ina moshi mzito, ina vipande vya majana, na ni nyepesi, kwa sababu masega yalikatwa kabla nyuki hawajaikausha na kuyafunika. Asali iliyoiva haina maji zaidi ya sehemu 20 katika 100. Iliyo mbichi huchachuka chupani, na mnunuzi aliyeipata kwa bei ya chini huja kuimwaga. Duka la mtu mwenye haya halikosi swali: imetoka wapi, na kwa nani? Sisemi kila asali yenye moshi ni ya wizi. Nasema moshi ni sababu ya kuuliza, na anayekataa kuuliza ameamua kutojua.

Kwa upande wao wenye mizinga, wapo waliofanya kosa la kunyamaza. Mzee akienda kituoni kueleza kwamba gogo lake limechukuliwa, huenda akachekwa, naye akarudi nyumbani asirudi tena. Na arudi, akiwa na ushahidi. Alama na ichomwe kwa chuma cha moto juu ya gogo lenyewe, wala si juu ya kifuniko tu, maana kifuniko hubadilishwa kwa dakika moja. Na ichomwe tena upande wa ndani, mahali mwizi asipopafikiria. Chama kiwe na daftari: alama hii ni ya fulani, mizinga yake ni kadha wa kadha, imetundikwa katika miti hii, ilirinwa tarehe hii. Kijana wa sekondari mwenye simu aweza kupiga picha za mizinga yote ya babu yake katika Jumamosi moja, na picha hizo, pamoja na nakala ya daftari iliyowekwa kwa chifu, zitamtoa kicheko askari yeyote. Nimewaona walimu wakitafuta kazi za mikono za kuwapa wanafunzi wakati wa likizo. Hii hapa.

Najua utaniambia kwamba kijijini kwenu mwizi ni mtoto wa mtu mkubwa, na daftari halitamtisha. Huenda ni kweli. Lakini mtoto wa mtu mkubwa hawezi kuinywa asali yote peke yake. Ataiuza, na atakayeiuzia ni mtu wa kawaida: mwenye duka, dereva wa matatu, mpishi wa hoteli, mama mwenye kikohozi cha mtoto, wewe. Ukipita barabarani ukaona chupa zimepangwa juu ya jiwe, simama, usiulize bei kwanza. Uliza mzinga uko wapi, una alama gani, na masega yalikatwa lini. Mrina asali wa kweli hatakasirika; atakutajia mti, na ukikaa naye kidogo atakueleza habari za mvua pia. Yule mwingine ataanza kuifunika chupa kwa kitambaa.