Kitabu cha Mazingira na Mwana wa Ziwa

Mwanafunzi wa sekondari wa Kigera, mkoani Mara, hukipokea kitabu cha elimu ya mazingira kwa moyo wa namna mbili. Hukiheshimu, kwa kuwa humfunulia sababu za mambo ayaonayo. Tena humchosha, kwa kuwa habari za ziwa la kwao humfikia kwa Kiingereza.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hoja hiyo ni dhaifu. Wavuvi wa Nyanza hupambanua sato, ningu, furu, sangara na dagaa pasipo kungoja kamusi. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, naye akiwa miongoni mwa sababu kubwa. Mlaji akizidi, mlo huisha. Je, ni jambo gani hapo lisilosemeka?

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humo humo, alitoa mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Lugha iliyowamudu Warumi itashindwaje na samaki?

Kitabu chenyewe hakina hatia, wala si busara kukitupa. Lawama ni ya wanaokiacha katika lugha ngeni, kisha wakamcheka kijana akikariri asichokielewa. Ziwa halitahifadhiwa na wasomi wasioweza kulizungumza na wazazi wao. Basi na kifasiriwe. Na mfasiri aanze kwa mvuvi.