Una C+ mkononi: Uende ufundi au BCom?

Tovuti ya KUCCPS iko wazi kwenye simu, mama amekaa kando yako akichungulia, na chamani kwao tayari wameshaambiwa kwamba unaenda chuo kikuu. Sasa utawaambiaje unafikiria diploma ya umeme?

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, kati ya zaidi ya 960,000. Uko kwenye robo ya juu, na hakuna mtu nyumbani anayetaka kusikia robo hiyo ikitaja koleo na waya. Kozi za biashara huwa kimbilio. Hazikuulizi sana ulipata nini kwenye fizikia, zinafundishwa karibu kila chuo, na jina lake linasikika vizuri. Shida iko hapo hapo. Ukumbi mmoja, mhadhiri mmoja na projekta vinatosha kufundisha wanafunzi mia mbili wa BCom. Karakana haijazwi hivyo. Kila mahafali yanamwaga mtaani vijana wenye karatasi moja, wakigombania dawati moja la uhasibu, na wengi hujikuta wakilipia tena mitihani ya CPA ili mwajiri awaangalie mara ya pili.

Lakini usidanganywe na wanaosema fundi hakosi kazi. Hukosa. Pita asubuhi nje ya mjengo wowote uone wanaosubiri kuitwa. Kwenye umeme, leseni ndiyo hutenganisha watu. Nyumba mpya ikitaka stima ya Kenya Power, lazima fundi mwenye leseni ya EPRA athibitishe kwa saini kwamba waya zimepigwa sawasawa. Asiye na leseni hutoka jasho kutwa, kisha anamtafuta mwenye nayo na kumlipa atie saini tu.

Na hata leseni haitoshi. Namjua fundi mmoja, mkono wake hauna mfano, aliyekubali kazi ya ghorofa nzima bila kuhesabu nauli ya vijana wake wala siku za kungoja vifaa. Alimaliza kazi akiwa na deni la hadwea. Huyo alihitaji somo la biashara kuliko yeyote aliye kwenye ule ukumbi!

Kwa hivyo swali ni kipi kitangulie. Mimi ningeanza na ufundi. Hesabu na bei unaweza kujifunza jioni, ukiwa tayari una wateja wa kufanyia mazoezi. Kinyume chake ni kigumu: wangapi wana digrii na subira ya kurudi kushikilia ngazi mtu mwingine akipanda? Tena hujafungiwa mlango. Diploma ni kiwango cha 6 katika mfumo wa kitaifa wa sifa, digrii ni cha 7, na HELB inakopesha wa TVET pia. Kama moyo wako uko kwenye hesabu za kampuni kweli, nenda BCom bila kuomba radhi, ila anza CPA mapema.

Kabla ya kubonyeza, fika chuoni mwenyewe. Uliza karakana ina mashine ngapi zinazofanya kazi, na wanafunzi wangapi wanazigawana. Mwingine atakuonyesha jengo jipya lenye mashine bado kwenye masanduku. Nenda na mama, aone kwa macho yake. Wa chama wataambiwa baadaye.