Saa ya Mwanafunzi wa Mbali
Tangu sheria ya mwaka 1992 ilipokiasisi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo Mbeya na Iringa, elimu ya masafa imekuwa faraja ya watu wazima wasioweza kuziacha kazi zao. Walakini mwalimu wa Rungwe anayesoma kwa njia hiyo, ambaye asubuhi yu darasani na alasiri yu shambani, na ambaye masika yakipiga bati hasikii hata simu iliyo sikioni, atanufaikaje na mhadhara wa mubashara wa saa kumi?

Njia ipo: kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwafikia wanavijiji kwa redio, vitabu na vikundi vya kusoma pamoja. Twasihi basi mihadhara irekodiwe, maandishi na sauti vitangulie video, na vikao vya ana kwa ana vingoje mavuno.